Mstari wa Madina, Mstari wa Keji

Jua lilikuwa bado halijatokeza juu ya paa la jirani, na Madina alikuwa ameshachoka. Watu wengine huchoka jioni, baada ya kazi. Uchovu wa Madina haukuwa na adabu. Ulilala naye, ukaamka naye, tena ulivaa kandambili kabla yake.

Nyumbani kwao Ludara, katika wilaya ya Koboko, Madina alikuwa na kazi tatu kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchota maji kwenye kisima cha pampu, jerikeni mbili, na kiangazi hicho foleni ya jerikeni ilikuwa ndefu kuliko foleni ya watu. Kazi ya pili ilikuwa kuzihudumia nyanya. Kazi ya tatu hakuna aliyeijua isipokuwa yeye na bibi yake.

Hiyo ya tatu ilifanyika nyuma ya jiko, mara tu mama yake Madina alipoondoka kwenda soko la Koboko na beseni lake la samaki wakavu. Bibi alikohoa mara mbili. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha kweli. Cha pili kilikuwa cha kuita.

"Mke mwenzangu!" Bibi aliita, maana ndivyo alivyopenda kumtania mjukuu wake. "Njoo. Vidole vyangu vimegoma tena leo."

Madina alichomoa kopo kuukuu la maziwa ndani ya gunia la mtama. Humo mlikuwa na majani makavu ya tumbaku. Alichukua moja, akalivunjavunja kiganjani, kisha akalishindilia ndani ya kiko kwa kidole gumba. Bibi alikuwa na vidole vilivyokakamaa kwa uzee, asingeweza kazi hiyo.

Kiko chenyewe kilikuwa kimepigwa marufuku. Miezi mitatu iliyopita, muuguzi wa kituo cha afya alikisikiliza kifua cha Bibi, akasema tumbaku ikome siku hiyo hiyo. Mama alirudi nyumbani, akakitupa kiko chooni. Hakujua kwamba Bibi alikuwa na viko viwili.

"Mtu aliyekimbia vita mara mbili," Bibi alieleza, "hawi na kitu kimoja kimoja."

"Na Mama akiuliza, Bibi?"

"Ameuliza?"

"Bado."

"Basi. Swali lisiloulizwa halina uongo. Lete kijinga cha moto."

Madina alicheka, akaleta moto. Alimpenda sana bibi yake, na tena alikuwa amechoka mno kubishana. Alijifuta mikono kwenye sketi, akaenda kwenye nyanya.

Nyanya hizo hazikuwa za kawaida. Shangazi yake aliyeishi Arua alikuwa amemletea pakiti ndogo ya mbegu chotara. Kwenye pakiti palikuwa na picha ya nyanya nene na nyekundu, iliyokatwa, na kipande kimoja kimefunika mkate wote.

"Hii ni nyanya au boga?" rafiki yake Agnes Keji aliuliza siku ile.

"Ni nyanya. Soma hapo."

"Picha nayo huongeza chumvi, kama wewe."

Keji alikuwa na miaka kumi na miwili kama Madina. Familia yake ilikimbia vita, ikavuka mpaka kutoka upande wa Yei, na sasa walipanga chumba kimoja kisicho na ua. Hata kitunguu hawakuwa na pa kukipanda. Kwa hiyo walikubaliana: Madina atoe mbegu na ardhi, Keji alime na kubeba samadi ya mbuzi. Wakapanda mistari miwili, kila mmoja miche tisa. Mstari wa Madina ulianzia mlangoni mwa jiko na kufika kwenye ua wa miti. Mstari wa Keji ulikuwa pembeni yake. Kila mtu aliutunza wake, na maji walichota pamoja.

"Unajua, Madina," Keji alisema siku waliyohamisha miche kutoka kitaluni, magoti yake yakiwa meusi kwa udongo, "tangu tuvuke mpaka sijala kitu nilichokipanda mwenyewe. Kila kitu ni cha kupewa au cha kununua. Nyanya ya kwanza nitaila peke yangu. Usinione mchoyo."

"Kula hata na majani yake," Madina alimjibu.

Aliyewafundisha ni jirani yao, Mzee Wahabu, askari mstaafu. Mzee huyo alijifunza Kiswahili kambini miaka mingi iliyopita, na Kiswahili chake kilibaki na mwendo wa kambi. Alikuja na fimbo kwapani, akawasimamisha wasichana wawili mbele ya mistari yao.

"Kuruta, sikia! Hii nyanya iko kama mtoto ya afisa. Nataka kula saa yake, nataka kunywa saa yake. Maji iko kwa mizizi, hapana kwa majani. Hii mutoto hapa naona?" Alionyesha chipukizi dogo lililoota kwapani, kati ya shina na jani. "Hii nakula chakula ya matunda. Kila wiki, vunja na kidole. Iko shina moja tu, funga kwa muti, basi."

"Ndiyo, Mzee," walisema wote wawili.

"Na sikia ya mwisho. Mutu nashika tumbako, hapana shika nyanya! Tumbako iko na ugonjwa, napita kwa mukono, naingia kwa nyanya. Nawa kwanza. Na sabuni. Nasikia?"

"Tunasikia, Mzee."

Keji alisikia. Nyumbani kwao hapakuwa na tumbaku, lakini aliamriwa kunawa, basi akanawa. Kila wiki alikuja na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye kona ya kitenge chake.

Madina naye alisikia. Tena alinawa, wiki ya kwanza. Wiki ya pili sabuni ilikuwa chumbani kwa Mama, na chumba kilikuwa mbali, yaani hatua ishirini. Wiki ya tatu maji yaliyokuwa kwenye jerikeni alikuwa ameyabeba kwa shingo lake mwenyewe, na kuyamwaga kwa kunawa mikono ambayo haikuwa na tope kulimuuma. Mikono iliyofutwa kwenye sketi, alijiambia, nayo ni mikono safi. Uchovu ni mwalimu mbaya, lakini husomesha haraka.

Nyanya zilikua. Zilifika magotini, kisha kifuani. Matunda ya kwanza yakatokea, mabichi, mazito kama ngumi ya mtu mzima, na bado yaliendelea kunenepa. Jioni moja Keji alisimama katikati ya mistari miwili, akashika kiuno.

"Haki ya Mungu! Hizi zitakuwa kubwa kuliko kichwa cha Mzee Wahabu!"

Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, miguu yake imevimba kwa kutwa nzima ya soko, ameitia kwenye beseni la maji ya chumvi. Aliinua uso.

"Sema mashallah, mtoto. Kitu kinachokua hakisifiwi kikavu hivyo."

"Mashallah, Mama Madina," Keji alisema akicheka, lakini alikuwa amechelewa.

Wiki moja baadaye mche wa kwanza katika mstari wa Madina, ule wa mlangoni mwa jiko, ulibadilika. Majani yake yakawa na mabaka, hapa kijani kilichokolea, hapa kijani kilichofifia. Majani mapya yalitoka membamba, yamejikunja. Kisha mche wa pili. Kisha wa tatu. Madina aliongeza maji. Akaongeza samadi. Alilala akiota mabaka, akaamka kuyahesabu. Kufikia mwisho wa mwezi miche saba ilikuwa imeugua, na matunda yake yalikuwa yameacha kukua, magumu na yenye madoa.

Mstari wa Keji ulikuwa kijani kitupu.

Mama aliporudi sokoni siku hiyo alitua beseni, akaitazama mistari miwili kwa muda mrefu. Hakupaza sauti. Hakuwa na nguvu za kupaza.

"Matunda yake mazima, yetu yameoza. Na ni yeye aliyesifu."

"Mama, Keji hana jicho baya."

"Wewe unajua jicho? Sitaki ugomvi na watu wake, wamepata taabu za kutosha. Lakini asikanyage tena shambani kwangu. Mwambie wewe, ni rafiki yako."

Madina alifungua mdomo. Alitazama nyuma ya jiko, ambako Bibi alikuwa akijifanya amelala. Akafunga mdomo.

Hakulazimika kumwambia Keji. Maneno ya namna hiyo hayahitaji mtu wa kuyabeba. Yenyewe yana miguu. Kesho yake kisimani wasichana wengine walisogeza jerikeni zao mbali na ya Keji, na mmoja akamwambia, "Usiangalie yangu, itatoboka." Wakacheka. Keji hakucheka. Alimfuata Madina hadi kwenye pampu.

"Mama yako anasema nina jicho. Wewe unasemaje?"

Madina aliushika mpini wa pampu, akausukuma kwa nguvu. "Sijui."

"Sijui?"

"Sijui, Keji. Mimi nimechoka tu."

"Hata mimi nimechoka," Keji alisema. "Nimelima mstari wangu na nusu ya wako. Leo naambiwa nimeuroga kwa macho. Niambie, matunda yangu yakiiva yatakuwa ya nani?"

Madina alizidi kuusukuma mpini. Keji alijitwisha jerikeni yake mwenyewe, bila mtu wa kumsaidia, akaondoka. Maji yalimwagika begani mwake, naye hakuyafuta.

Jumamosi iliyofuata Mama hakwenda sokoni. Alikuwa amemwita Mzee Wahabu aje aone kama ipo dawa ya kupulizia. Bibi alimkoholea Madina kabla Mama hajaamka, na kiko kikajazwa upesi upesi. Kisha Mama akatoka, akamwambia Madina:

"Toa vichipukizi kwenye mstari wa yule msichana pia. Vimeshakuwa vingi. Nyanya hazina kosa."

Madina alikwenda. Alisimama mbele ya mche wa kwanza wa Keji. Ulikuwa mrefu kuliko yeye, umefungwa kwenye mti kwa vipande vya kitenge kilichochakaa, kila fundo limefungwa kwa uangalifu, si kwa kubana. Tunda la chini lilikuwa limeanza kugeuka rangi upande mmoja. Madina alinyoosha kidole gumba na cha shahada kwenye chipukizi.

Ndipo akanusa vidole vyake. Tumbaku.

Alirudisha mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akasimama pale, mikono imening'inia, na alijua sasa kwamba siku zote alikuwa akijua.

"Mbona umesimama?" Mama aliuliza.

"Siwezi kuigusa."

"Kwa nini?"

Kabla hajajibu, Mzee Wahabu aliingia na fimbo yake kwapani. Hakusalimia sana. Alianza mlangoni mwa jiko, akatembea kando ya mstari wa Madina, akigusa kila mti kwa ncha ya fimbo.

"Moja, nagonjwa. Mbili, nagonjwa. Tatu, nne, tano, sita, saba. Nane, hapana. Tisa, hapana." Aligeuka. "Mama Madina, hii jicho gani? Naanza mulango ya jiko, nafuata mustari kama askari ya paredi, hapana ruka hata mumoja! Jicho hapana iko na nidhamu. Hii iko mukono. Nani nagusa huu mustari?"

"Madina," Mama alisema.

"Na ule?"

"Yule Keji."

"Basi." Mzee Wahabu alivunja jani lenye mabaka, akalitazama kwenye mwanga. "Katika hii nyumba, nani nashika tumbako?"

"Hakuna," Mama alijibu haraka. "Tuliitupa. Mama mkwe wangu aliacha."

Madina alimtazama Bibi. Bibi alitazama vidole vya miguu yake. Swali lilikuwa limeulizwa sasa, mchana kweupe, na hapakuwa na pa kulikwepa.

"Mimi," Madina alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye ninayeshika tumbaku, Mama. Kila asubuhi. Halafu naenda kwenye nyanya, na sinawi. Mzee alituambia tunawe. Keji ananawa, mimi sinawi. Si jicho. Ni mimi."

Mama aliinuka taratibu. "Unavuta? Mtoto wa miaka kumi na miwili, unavuta?"

Madina angeweza kueleza, lakini maelezo yale yalikuwa na kopo, gunia la mtama na mtu mzee ndani yake. Machozi yakamtoka, nayo yalikuwa na uchovu mwingi kuliko huzuni.

Bibi alikohoa. Mara moja tu, kikohozi cha kweli, kirefu, kilichomkunja mgongo. Kilipokwisha, aliingiza mkono ndani ya kanga, akatoa kiko kilichokuwa bado na joto.

"Mwache mtoto," alisema. "Havuti. Anavunjavunja tu, kwa kuwa mimi nilimwomba. Mvutaji ni mimi. Na aliyemfundisha kunyamaza ni mimi."

Mama aliketi tena. Alikuwa na maneno mengi, lakini mtu aliyesimama sokoni siku sita hawezi kuyabeba yote kwa mara moja.

"Dawa ipo, Mzee?" aliuliza mwishowe.

"Dawa hapana. Mugonjwa wote ng'oa, choma. Hapana tupa kwa samadi. Ile miti osha na sabuni. Mukono, sabuni. Hii mbili ya mwisho naweza kupona, naweza hapana. Ngoja tu."

Madina aling'oa miche yake saba kwa mikono yake mwenyewe. Iling'oka kwa shida, maana ilikuwa na mizizi mirefu. Alikuwa ameimwagilia vizuri. Matunda mabichi yalianguka, akayaokota moja moja, akayatia kwenye moto pamoja na majani. Bibi alijikokota hadi pale, akarusha kopo la tumbaku motoni. Kisha akatupa kiko chenyewe, cha udongo wa kuchomwa.

"Udongo hauungui, Bibi," Madina alisema kwa sauti iliyoziba kwa kulia.

"Najua. Lakini unapasuka."

Kiko kilipasuka.

Jioni Mama alijifunga kitenge, akatoka bila beseni. Walioshuhudia kisimani walisema alimkuta Keji katika foleni, miongoni mwa wasichana wale wale, akamwambia mbele yao wote: "Mwanangu, nilikusingizia. Nyanya zimeugua kwa mikono ya nyumbani kwangu, si kwa macho yako. Naomba unisamehe." Kisha, kwa miguu yake iliyovimba, aliinama, akaitwaa jerikeni ya Keji, akajitwisha mwenyewe. Wasichana waliocheka wakawa na haja ya ghafla ya kutazama pampu.

Keji hakurudi shambani siku hiyo. Wala kesho yake. Siku ya tatu alikuja, na sabuni yake kwenye kona ya kitenge, akamkuta Madina akimwagilia mstari usio wake, maji kwa mizizi, bila kugusa jani.

"Ungesema pale kisimani," Keji alisema.

"Ningesema."

"Walinicheka siku tano."

"Najua, Keji. Nisamehe."

Keji alifungua fundo la kitenge, akampa sabuni. "Nawa. Vichipukizi ni vingi, na mimi nina mikono miwili tu. Ukiacha hata kidole kimoja bila povu, nakurudisha."

Wiki tatu baadaye nyanya ya kwanza iliiva, upande wa Keji. Ilijaza mikono miwili. Walikaa mbele ya jiko, na Bibi, ambaye hakuwa na kazi nyingine sasa ila kulinda birika la kunawia, hakumruhusu mtu kukaa kabla ya kuonyesha viganja, hata Mzee Wahabu. Keji aliikata kwa kisu cha Mama. Kipande kilikuwa kipana kama sahani ya chai. Alikitia chumvi, akakila peke yake, polepole, macho yamefumbwa, na hakuna aliyemwita mchoyo. Alipomaliza akakata vingine, akawagawia wote, na Mama akaleta muhogo wa kuchemsha.

Bibi alikula cha kwake kwa ufizi, maji yakimtiririka kidevuni. Kisha akamshika Madina mkono, akakikunjua kiganja chake.

"Nilikudanganya, mke mwenzangu. Nilikuambia swali lisiloulizwa halina uongo. Wee! Kitu ukikificha kiganjani, kiganja hakitulii. Kinashika maji, kinashika jani, kinashika rafiki yako. Kila kinapogusa, kinaacha kile ulichokificha. Kwa hiyo sema mapema, hata kama umechoka. Hasa ukiwa umechoka. Ukweli wa wiki ya kwanza ungetugharimu mche mmoja. Wa mwezi mzima umetugharimu saba, na nusura rafiki."

"Na kunawa?" Keji aliuliza.

"Na kunawa. Na sabuni!" Bibi alisema kwa sauti ya Mzee Wahabu, na hata Mzee Wahabu akacheka.

Jua lilikuwa linashuka. Kesho kulikuwa na shule, na foleni ya jerikeni ilikuwa pale pale, ndefu vile vile. Madina aliegemea ukuta wa jiko, amechoka, ila safari hii mikono yake ilinukia sabuni.

Bibi alikohoa, kikohozi cha kweli. Kwa mazoea Madina akainuka nusu, akingoja cha pili.

Hakikuja. Bibi alikuwa amenyoosha mkono akiomba kipande kingine cha nyanya.